Kuku wa Itumba

Nilipokuwa bwana shamba wa kahawa nilipewa pikipiki, na milima ya Itumba ikanitia hasira. Wakati wa kwenda ilipanda vizuri. Wakati wa kurudi, nazungusha mkono wa mafuta, injini haiitikii. Kwa nini kurudi tu? Nikasema ni mlima. Nikatoa gia ya mnyororo ya nyuma, nikafunga kubwa yenye meno mengi, ipate nguvu. Bado! Nyumbani nikafungua kabureta, nikakagua waya wa mafuta, mzima kabisa. Nilitamani kuitupa korongoni.

Safari moja nikaamua kuikagua palepale mlimani. Kwenye usukani alikuwa ananing'inia kuku niliyepewa na wenyeji, maana Itumba mgeni haondoki mikono mitupu. Kamba yake ilikuwa imeubana waya wa mafuta.

Na mimi, kila nilipofika nyumbani, nilimfungua kuku kwanza, nikamkabidhi mke wangu, ndipo nikashika spana. Msimu mzima nilikuwa nautafuta ubovu kwenye mashine, na ushahidi uko jikoni unachemka.