Kibuyu cha Ugoro Kando ya Mtungi

Harufu ya ugoro haibishi hodi. Ukizibua kibuyu inakupanda puani, inakuchoma machoni, na usipojihadhari unapiga chafya mpaka unasahau ulichokuwa ukisema. Nimekulia ndani ya harufu hiyo, nje kidogo ya Kagongwa, miaka ya tisini, mimi na bibi yangu tu. Mama yangu, Kabula, alikuwa Isaka akiwapikia madereva wa malori, na babu alikuwa machimboni Geita akitafuta dhahabu. Ugoro ulikuwa wa babu. Bibi hakuunusa hata siku moja, ulimtesa vibaya.

Lakini kuutunza, hapo humuwezi. Babu alipoondoka alimwambia, "Nitunzie ugoro wangu usikauke, sikawii," na bibi akalishika neno hilo kama mtu aliyekabidhiwa mtoto. Kibuyu kilikaa kando ya mtungi wa maji, kwenye ubaridi, mbali na jiko, mdomo umezibwa kwa gunzi lililoviringishiwa kitambaa. Ugoro ukianza kuwa vumbi, aliumimina kiganjani, akautia samli kidogo sana, akaufikicha polepole huku uso ameugeuzia pembeni. Samli ikizidi unavunda, ikipungua unakauka. Kwa kuwa mwenyewe hakuweza kuuonja, alinituma niupeleke kwa Mama Masanja, jirani aliyependa ugoro kuliko chakula. Yule mama alivuta, akafumba macho, akasema, "Kamwambie bado mkali." Niliporudi na jibu hilo bibi alitabasamu, na mimi nilijiona nimeleta habari za babu mwenyewe.

Jioni tulikaa mlangoni tukisikiliza malori ya barabara kuu. Moja likipunguza mwendo, sote wawili tuliinua shingo. Halafu likaenda zake. Nilikuwa mpweke, nisidanganye, na bibi alikuwa mpweke kunishinda, ila hatukuambiana.

Kiangazi kimoja lori likasimama kweli. Babu akashuka na koti jipya na redio mkononi. "Shikamoo, guku," nikamwamkia, maana ndivyo tunavyowaita babu zetu kwa Kisukuma. Bibi akampa kiti, akampa maji, kisha akamletea kibuyu kwa mikono miwili. Babu akakitazama, akacheka kidogo.

"Hee, bado unacho? Ugoro niliacha kitambo, Mama Kabula. Kule sisi ni watu wa sigara."

Bibi alikirudisha kibuyu kando ya mtungi. Baada ya siku chache babu akarudi Geita, na safari hii hakumwachia kitu cha kumtunzia.

Jioni hiyo bibi alikizibua kibuyu, akachota kidogo kwa vidole viwili, akavuta. Akapiga chafya, akapiga tena, machozi yakamtiririka mpaka kidevuni. Nikamuuliza kinachomliza.

"Silii," akasema. "Ni ugoro. Bado mkali."

Leo naishi Kambarage, mjini Shinyanga, na mume wangu naye yuko Geita. Ananipigia simu kila jioni, sauti safi kana kwamba yuko sebuleni. Ugoro unauzwa dukani kwenye vifuko vya nailoni. Ukikauka unatupa, unanunua mwingine. Mambo yamekuwa rahisi, sikatai. Kibuyu cha bibi kiko juu ya kabati langu, kitupu, na simu ikikatika huwa nakizibua nikanusa. Safari iliyopita, mume wangu akifunga mizigo, nilitaka kumwomba aniachie kitu nimtunzie, kitu chochote. Nikaona haya. Nikamuuliza kama amechukua chaja.