Kwapa Kavu

Nilianza kutoka jasho la kwapa nikiwa darasa la saba, na halikukoma hadi wiki niliyofukuzwa kazi. Sisemi jasho la mtu aliyepanda mlima kwa miguu. Nasema jasho la kukaa kitini kimya, asubuhi ya mvua, na bado blauzi inalowa kutoka kwapani hadi ubavuni kana kwamba kuna mtu ananimwagia kikombe. Wasichana wa shule waliniita Bomba. Niliwapiga wawili, wa tatu akanipiga mimi, tukayamaliza.

Hayo ya shule yalikuwa mchezo. Taabu yenyewe ilinikuta Kampala, miaka ile ya utawala wa jeshi, nilipokuwa mpiga taipu katika shirika moja la serikali huko kwenye eneo la viwanda. Baba yangu, askari polisi aliyetoka kaskazini, alikuwa amefariki, nasi tukatakiwa kuhama nyumba za polisi. Kazi yangu ilikuja na nyumba: vyumba viwili kwenye maghorofa ya Bugolobi, maji ndani, madirisha ya vioo. Mama na wadogo zangu wawili walilala humo kwa sababu mimi nilikaa mbele ya ile taipureta. Kazi ikienda, nyumba nayo inaenda. Tulilijua hilo wote, hata mdogo wetu wa mwisho, aliyekuwa akinivuta mguu kila alfajiri nisije nikachelewa.

Kisha tukaletewa mkurugenzi mpya, ofisa wa jeshi. Hakujua lolote kuhusu shughuli zetu, lakini alijua Kiswahili cha kambini, nacho mimi nilikinyonya na maziwa, basi barua zake zote akazileta kwangu. Siku ya tatu alisimama nyuma ya kiti changu akanitazama mgongo.

"Wewe, kwa nini natoka jasho namna hii?"

"Ni mwili wangu tu, Afande."

"Mwili hapana danganya. Mtu natoka jasho, iko na kitu naficha. Mimi hapana taka mtu kama hiyo karibu na barua yangu."

Hakupaza sauti. Enzi zile askari njiani walikuwa wakisoma nyuso za watu kama vitambulisho, na jasho lilitosha kumshusha mtu kwenye gari. Nilijaribu kumweleza kwamba mimi hutoka jasho hata nikiwa na furaha, lakini alikwisha ondoka. Jioni ile nilirudi Bugolobi nimebana mikono, nikimwaza mama.

Aliyenipangusa machozi ni mwenzangu wa meza ya pili, Mganda wa Bwaise. Tulikuwa tunakula pamoja, tunasukana nywele pamoja. Kwao mvua ikinyesha maji yalikuwa yanaingia hadi chini ya kitanda, na usiku walipandisha watoto juu ya meza. Yeye alinieleza hayo, mimi nikamweleza ya kwapani. Mficha uchi hazai. Kiswahili alijifunza kwangu, na herufi l na r kwake zilikuwa mapacha wasiotofautishwa hata na mama yao: karatasi ilikuwa kalatasi, na Afande hakulala, alirara. Nilimcheka sana. Naye alinicheka Kiganda changu, ambacho alisema kimevaa buti.

"Banange, jamani, usirie," aliniambia. "Sisi natafuta dawa."

Na tukaitafuta kweli, sisi wawili. Tulianza na ndimu, kwa kuwa nyanya yake aliiamini. Nilipaka kwapa nililonyoa jana yake, nikaruka kama mbuzi, na jasho likaja vilevile likinuka achari. Tukaja kwa magadi yaliyosagwa, yakanitoa vipele. Poda ilikuwa imepotea madukani pamoja na sabuni na chumvi, na ile ya magendo ilikuwa nusu yake unga wa muhogo, ukilowa unakuwa uji. Mama akanishonea vitambaa viwili vya pamba vya kubandika ndani ya mikono ya blauzi. Hivyo vilinisaidia hadi saa nne, na kuanzia hapo kazi ilikuwa kukimbilia msalani kuvikamua.

Kwa hiyo nikachukua shali. Ilikuwa ya mama, ya sufu, nikaitupia mabegani ikafunika makwapa yote mawili. Ofisi nzima watu wanajipepea kwa mafaili, mimi nimejifunika kama mgonjwa wa malaria. Ndani yake nilichemka, lakini hakuna aliyeona doa.

Mama mmoja Mkongomani, muuza vitenge wa soko la Nakivubo, ndiye aliyenipa dawa ya kwanza yenye maana. Alituuzia shabu, lile jiwe jeupe wanalosafishia maji na ambalo vinyozi wanapaka mahali walipomkata mtu. Alisema nililowanishe, nisugue, niache likauke. Jasho lilipungua kidogo, nikapata moyo wa kwenda hospitali.

Daktari aliyenipokea alikuwa kijana mchovu ambaye wakubwa wake wote walikwisha kimbia nchi. Alinisikiliza bila kucheka, nami nikampenda kwa hilo. Alisema huu si woga wala uchafu. Ni vifuko vya jasho vilivyo chini ya ngozi, vinafanya kazi pasipotakiwa, na mara nyingi vinarithiwa. Alisema kuna upasuaji: unakatwa mshipa wa fahamu ndani ya kifua, au inaondolewa ngozi yenyewe ya kwapa. Lakini wa kumkata mtu vizuri hakuwepo tena Kampala, na wengine wakishakatwa jasho linahamia mgongoni. Mwisho akanichanganyia chupa ya dawa ya maji yenye chumvi ya alumini, ndugu wa karibu wa shabu, ila kali zaidi. Nipake wakati wa kulala, ngozi ikiwa kavu kabisa, nisiwe nimenyoa, niioshe asubuhi. Ikianza kufanya kazi, mara moja kwa wiki inatosha.

Rafiki yangu alikuwa ameketi kando yangu, akiitikia kila neno kwa kichwa. Aliibeba ile chupa mwenyewe hadi Bugolobi, na alipofika akasimama dirishani, akasema kwetu kuna hewa nzuri.

Usiku wa kwanza ulikuwa wa kuwashwa. Wa tano sikuhisi kitu. Siku ya kumi nilifika kazini, nikapiga taipu mpaka adhuhuri, nikatia mkono chini ya shali kwa mazoea. Kukavu. Nikatia tena. Niliinama juu ya mashine nikacheka peke yangu kama mwendawazimu. Shali sikuivua. Nilitaka nimalize wiki kwanza ndipo niamini.

Wiki haikuisha. Keshoye Afande alimwita rafiki yangu, akakaa naye muda, na rafiki yangu akatoka, akanipita bila kunitazama. Kisha nikaitwa mimi.

"Mimi nasikia wewe iko na shari."

Nilidhani sikusikia vizuri. Shari ni ubaya, ni fitina, ni mtu wa kuwatafutia wenzake balaa. Enzi zile neno dogo kuliko hilo lilikuwa limewaondoa watu wakubwa kuliko mimi.

"Nani amesema hivyo, Afande?"

"Rafiki yako. Yeye nakaa na wewe kila siku, yeye najua."

Kikulacho ki nguoni mwako. Nilimwambia sina shari na mtu. Nikaivua shali aone. Blauzi yangu ilikuwa kavu, safi, imepigwa pasi. Akanitazama kwapa moja, kisha jingine, waziwazi, kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Ona. Ile siku wewe natoka jasho. Leo mimi naulisa swali mubaya, hata tone hapana. Sasa umekuwa mugumu."

Nilifukuzwa siku ileile. Hawakunipeleka kokote, na watu wote waliniambia nishukuru.

Nilimkuta rafiki yangu nje kwenye ngazi, analia, akiniita mukwano, yaani rafiki kwa Kiganda chao.

"Mukwano, mimi narisema sha-li! Yeye aliulisa kwa nini wewe najifunika. Mimi nikamwambia iko na shali tu. Wewe najua urimi wangu."

Niliujua ulimi wake. Nilimwamini pale pale, nikambembeleza mimi niliyefukuzwa. Mama hakuamini. Tukifunga magodoro kwa kamba, aliniuliza: "Hata kama ni shali, nani alimtuma aitaje?" Nikamkasirikia, nikamwambia yeye hajui maana ya rafiki. Tukahamia chumba kimoja kwa shangazi, sote wanne. Mwezi haukuisha, rafiki yangu akapewa meza yangu, na nyumba ya Bugolobi pia. Hapo nilijiambia ni lazima apewe mtu, afadhali yeye mwenye watoto juu ya meza. Nilikuwa mjinga kwa bidii.

Yule mama Mkongomani akanichukua nimsaidie kuuza. Nilikuwa pale karibu mwaka mzima, kwapa kavu, mikono juu siku nzima nikitundika vitenge. Ndipo alasiri moja rafiki yangu akaja. Alikuwa amepunguza nywele, hana hereni, amevaa gauni la mikono mirefu.

"Mukwano, mimi nimeokoka," alisema.

Nilijua kilichokuwa kinakuja. Kwa Walokole wa Uganda mtu akiokoka hukusanya dhambi zake, akamwendea kila aliyemkosea akamtajia kosa kwa jina lake. Wengine hurudisha hata sindano. Nilimwambia hana deni kwangu, yale yalikuwa ni ulimi tu.

"Hapana," alisema. Akanishika mikono yote miwili. "Nilisema shari."

Ile r ilitoka kwenye ncha ya ulimi, safi, inatetemeka kama inavyotakiwa, jinsi nilivyohangaika kumfundisha.

"Sha-ri," akarudia, nisije nikakosea. "Bwana amenisamehe. Na wewe nisamehe."

"Na nyumba?" nikamuuliza.

Akaniachia mikono. "Nyumba ni ya shilika, mukwano."

Akanikumbatia, akaenda zake upande wa Bugolobi, mwepesi, anatabasamu na kila mtu. Mwaka ule mzima, nyumba ikiwa imekwenda na kazi imekwenda, nilikuwa bado na rafiki mwenye ulimi mzito. Jioni ile nilirudi kwa shangazi bila hata yeye, na mama aliponiuliza nina nini, nilishindwa kumwambia kwamba siku ile ya kufunga magodoro yeye ndiye aliyesema kweli.