Nailoni ya Kutoka Japani

Juzi nilikuwa posta hapa Dodoma mjini, kwenye dirisha la vifurushi. Mbele yangu jamaa wa makamo kutoka Miyuji alikuwa amepokea santuri kutoka Japani: mkusanyiko wa nyimbo za wanamuziki wawili anaowapenda tangu ujana, uliouzwa kule tu.

"Fungua tukague," akasema mama wa forodha.

Jamaa akaikumbatia santuri kama mtoto mwenye homa. "Mama, hii nailoni ya kiwandani ikichanika tu, thamani yake imekwisha!"

"Kwani hizo nyimbo huna?"

"Ninazo zote kwenye simu."

"Na mashine ya kuipigia?"

"Sina."

"Sasa baba, umeagiza nini?"

"Hiyo nailoni."

Foleni nzima tukacheka, mimi kuwashinda wote, maana kwa mambo ya muziki Dodoma hii hakuna wa kunifundisha. Mama akainua wembe, akaitazama ile santuri, akaushusha.

"Haya, nenda nayo. Mimi nina vikombe kabatini, hata mama mkwe hajavinywea."

Nilirudi nyumbani nikimhurumia yule bwana. Mimi vitu vyangu navitumia! Nikawasha televisheni, nikibonyeza rimoti kwa nguvu, kwa sababu siku hizi nailoni yake imekuwa ngumu.