Chini ya Jiwe la Hewa

Saluni ile ya Tarime siku hizi imenyamaza. Miaka mitatu ilikuwa na mlio wa maji yanayochemka bila moto: mapovu ya tangi la samaki la Kauthar, yakipanda kutoka kwenye jiwe la hewa, kijiwe chenye vitundu kilichounganishwa kwa mpira mwembamba na pampu ya umeme.

Tangi aliletewa na mumewe, Dullah, mwaka ambao kila mwenye nguvu alikimbilia machimbo ya Nyamongo. Kauthar naye alivua bangili za dhahabu alizoachiwa na bibi yake, akampa Dullah auze, apate sehemu yake kwenye duara, kama wachimbaji wanavyoita shimo lao.

"Mama Shani," mteja wake Bhoke alizoea kumtania akisukwa, "sisi samaki tunakaanga. Wewe unampulizia pumzi kama mgonjwa!"

"Kaanga wako, dada. Wangu niachie."

Dullah akarudi mikono mitupu. "Duara limekataa, mke wangu. Mawe tu." Kauthar alimwonea huruma, akamkanda miguu kwa maji ya moto. Tangu hapo Dullah ndiye aliyesafisha tangi, tena kwa masharti. "Usiguse hilo jiwe. Ukilisogeza, hewa itapotea, samaki watakufa."

Wakafa hata hivyo. Mmoja baada ya mwingine waliibuka matumbo juu, na mapovu yanapanda vilevile. Kauthar akadhani vitundu vya jiwe vimeziba. Siku Dullah alipokwenda Sirari, alizamisha mkono akaling'oa. Chini yake, ndani ya changarawe, palikuwa na vidonge sita vya kijivu, vidogo lakini vizito mno.

Bhoke, ambaye kaka zake walichimba, aliviona akaacha kucheka. "Hii ni dhahabu, bado ina zebaki, haijachomwa. Hiyo zebaki ndiyo imewaua samaki wako."

Kauthar alishika kifundo cha mkono wake, pale bangili zilipokuwa zikikaa.

Jioni Dullah alivikuta vidonge juu ya meza. "Nilikuwa nakuwekea wewe," alisema.

"Ndiyo maana ukanificha mimi?"

Kauthar alivirudisha vidonge mahali pake, akaviwekea jiwe juu, kisha akachomoa pampu.

Sasa anaishi Mugumu na binti yake Shani, anasuka nywele kwenye kibanda karibu na soko.