Indege Ejo

Siku Egidius alipopanda basi la kuondoka kambi yetu ya wakimbizi Tanzania, mama alimfuata dereva dirishani.

"Hiyo Australia, ni mbali kupita Kasulu?"

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mama hakucheka.

Egidius ni kaka yangu. Amani iliporudi, mimi na mama tulirudi Burundi bila yeye. Mama akabaki Muyinga kwa mdogo wake, mama mdogo Klara. Mimi nikapata kazi ya jikoni Gitega, kwenye shule moja ya mtaa wa Mushasha.

Jamani, kuishi peke yako! Jioni mfuniko wa sufuria unaongea kuliko wewe.

Mama alipofariki, Egidius alipiga simu kutoka Adelaide.

"Vumi, msimzike kwanza. Nimeangalia mtandaoni. Adelaide mpaka Muyinga ni kilomita elfu kumi na moja na kitu, saa kumi na nne angani. Jumatano niko hapo. Nataka nimtupie mama udongo kwa mkono wangu."

Kumbe mtandao ulipima njia ya ndege mwenye mabawa, si ya ndege yenye tiketi. Ya tiketi inazunguka, inashusha watu, inawalaza njiani.

Jumatano tukakaa na jeneza sebuleni kwa Klara, masikio barabarani.

Hakuja.

Jioni ujumbe wake ukaingia kwenye simu ya Klara. Maneno mawili tu, ya Kirundi: "Indege ejo."

"Ndege ilikuwa jana," Klara akasema. "Imemuacha."

Nikapiga. Simu haipatikani.

"Labda tumsubiri kidogo, mama mdogo."

Kastori, jirani wa Klara, akadakia. "Umsubiri wapi, we? Maiti haiko abiria. Kesho tunazika."

Tukazika Alhamisi asubuhi. Mkono wangu ulitupa udongo mara mbili, wa kwangu na wa kaka.

Tuliporudi, tukapanga mstari uani kunawa mikono, kama desturi ilivyo ukitoka kaburini.

Gari likasimama.

Egidius akashuka, suti imekunjamana, macho mekundu. Akanikumbatia. Halafu akaingia kwenye mstari, akanawa kama wengine. Alidhani tunaenda kula.

"Egi..."

"Ngoja nimuone mama kwanza. Mmemlaza chumba gani?"

Akatazama watu, akatazama beseni. Maji yalikuwa mekundu kwa udongo.

Akaelewa.

Klara akalia kwa sauti. "Si uliandika ndege ilikuacha jana?"

"Jana? Niliandika ndege ni kesho!"

Wote wawili walikuwa sahihi. Kwa Kirundi, ejo ni jana, na ejo ni kesho. Kitenzi ndicho kinachokuambia ni ipi. Kaka hakuandika kitenzi. Sisi tuliokulia kambini, Kirundi chetu ni cha kuombea chumvi tu.

"Miaka yote unatuandikia Kiswahili," nikamwambia. "Kwa nini safari hii?"

"Nilitaka nije kumuaga kwa lugha yake."

Ndugu yangu unayesoma, kilomita zina anayezipima. Neno lako halina. Ukimwandikia mtu wa mbali, itaje siku kwa jina lake.

Egidius alirudi Adelaide wiki iliyofuata. Kaburi la Muyinga nalipalilia mimi, shule ikifungwa.