Kuta za Nyumba ya Kukhu

Virginia ana hoteli ndogo ya chakula hapa Juba, mtaa wa Hai Amarat, nyuma ya ofisi za mashirika. Mimi humsukumia chapati na kumwoshea vyombo, mtoto wangu Riang akiwa mgongoni. Virginia ni Mkenya wa upande wa Kakamega, mtu wa maneno machache asubuhi na vicheko vingi jioni. Wiki ile hata jioni hakucheka.

Mama yake alikuwa amekuja kumtembelea. Alipita Uganda kwa basi, na lilipofika Nesitu akapiga simu kuuliza kama Juba ina maji, maana alichoona njiani ni vumbi tu. Wateja na mimi tulimwita Kukhu, ndiyo nyanya kwa lugha yao. Riang, ambaye maneno yake machache ni ya Kiarabu cha Juba, akamwita haboba. Kukhu aliitika yote mawili.

Siku ya pili Phineas, ndugu mdogo wa Virginia, akapiga simu kutoka nyumbani. Virginia alisikiliza mpaka maharagwe yakaanza kushika chini. Alipokata simu alinisogelea akanong'ona, kwa sababu Kukhu alikuwa pale nje chini ya rakuba, kile kibanda cha nyasi, anachambua mchele kivulini.

"Mama Riang, Phineas ameuza nyumba ya mama."

"Na shamba?"

"Shamba liko. Ameuza kuta."

Ilibidi anieleze. Kijiji chao ni mji wa dhahabu wa zamani. Siku hizi watu wenye mashine za kusaga mawe wamerudi, nao wananunua nyumba kuukuu za udongo, wanazibomoa, wanauosha udongo wake kwenye maji wakitafuta dhahabu. Ijumaa wangekuja kwa Kukhu. Wamemwahidi Phineas kwamba watamjengea mama nyumba ya matofali. Kazi ya Virginia ilikuwa moja tu, kumshikilia mama Juba mpaka yaishe.

"Anataka iwe sapraizi," Virginia akasema.

"Wewe unaonaje?"

"Ile nyumba ina ufa mkubwa, naogopa itamwangukia. Matofali ni mazuri." Akageuza maharagwe. "Lakini ni nyumba yake. Na mimi ndiye nakula naye kila siku nikimficha."

Kuanzia hapo niliona jinsi alivyomwekea mama yake nyama nyingi kwenye sahani na kushindwa kumtazama usoni.

Alhamisi mchana Bona, dereva wa lori la maji, alikaa kula. Yeye hupenda habari za dhahabu. Vijana wa kwao wako Kapoeta wanachimba.

"Kukhu, ni kweli kwenu mlikuwa mnaokota dhahabu njiani?"

"Njiani tuliokota viatu vya wazungu," Kukhu akasema. "Walikuja kabla sijazaliwa, wakapiga mahema mengi kama uyoga. Babu yangu alilala na shamba la mahindi, akaamka na mtu amepigilia vigingi katikati. Kukawa na maduka, baa, na mpira Jumapili. Watu walitoka mbali kuja kubeba mawe. Halafu siku moja kampuni ikafunga. Walibeba mpaka mabati ya choo."

"Nyinyi mkabaki na nini?"

"Mashimo. Mbuzi wetu wanajua kuogopa kuliko mbuzi wenu." Watu wakacheka. "Na tulibaki na kilima cha unga wa mawe, ule waliousaga wakamaliza nao. Nilipoolewa, wanawake wote tulikuwa tunauchota kusiriba nyumba. Ukikauka unakuwa mgumu, mweupe, panya hatoboi."

Bona akaacha kutafuna. "Na dhahabu yote walikuwa wameitoa kwenye huo unga?"

"Wewe kula," Kukhu akamwambia. "Maji ya watu yanapata moto kwenye lori."

Bona alipoondoka, Virginia alitoka jikoni akifuta mikono kwa kanga. Nilijua amechoka kunyamaza. Alipiga magoti mbele ya mama yake kama anayetaka kumvua viatu.

"Mama, kesho wanabomoa nyumba yako. Phineas amewauzia kuta. Nilijua tangu Jumatatu."

Kukhu aliendelea kuchambua mchele. Alitoa kijiwe, akakitazama, akakitupa.

"Amepokea kitu chao?"

"Bado. Watamjengea ya matofali wakishapata."

"Basi ni heri hajapokea. Mle ndani hamna kitu, Virginia. Nilishaila hiyo nyumba."

Akatueleza taratibu. Mwaka Virginia anaingia sekondari, mvua ilipiga ukuta, udongo ukadondokea kwenye karai alilotega maji. Akalizungusha, kwa sababu mtoto wa pale haoni mchanga kwenye maji akaacha kuuzungusha. Chini kukabaki mstari mwembamba wa manjano. Hakumwambia mtu. Kila karo ilipodaiwa, watoto wakiwa shuleni, alikwangua kipande nyuma ya kabati au nyuma ya kitanda, akakiosha, kisha akasiriba pale kwa udongo wa mtoni.

"Majirani walinisifu eti napenda usafi," akasema. "Wewe umesoma kwa ukuta wa jikoni. Chuo cha upishi ni chumba cha baba yako. Phineas alimaliza sebule."

"Na ule ufa?"

"Hapo nilisiriba vibaya, mgongo ulikuwa unauma. Chini hakuna shimo la mgodi. Nipe simu."

Phineas alipopokea, Kukhu hakumfokea. Alimwambia kwamba wanunuzi wasiguse paa. Waoshe kwanza karai moja la udongo kutoka kila chumba, yeye akiona. Wapate au wakose, ampigie simu.

Ijumaa hatukufanya kazi vizuri. Mteja mmoja kutoka Uganda alilalamika, "Mama, mimi iko na njaa tangu saa ile," na Virginia akampelekea chai badala ya ugali. Simu ikalia. Phineas alisikika kama mtoto aliyepigwa na mvua.

"Mama, wameosha vyumba vyote. Hakuna. Wamewasha lori wakaenda kwa jirani. Wameacha matundu kila ukuta."

"Yazibe."

"Nani, mimi? Kusiriba ni kazi ya wanawake, mama."

"Na kuuza nyumba ya mama ni kazi ya nani?"

Virginia aliziba mdomo kwa kanga. Ndiyo mara ya kwanza wiki ile niliona mabega yake yakitikisika kwa kicheko.

"Chota udongo mtoni, changanya na mavi ya ng'ombe," Kukhu akaendelea. "Anza na ule ufa, uuzibe vizuri kuliko mimi. Hayo matofali mtajenga wewe na dada yako polepole, mahali nitakapowaonyesha, nikiwa nimesimama hapo."

"Ndiyo, mama," Phineas akasema. Virginia naye akasema ndiyo, ingawa hakuulizwa.

Jioni ikaja picha. Ufa umezibwa, udongo bado mbichi, alama za vidole zimepinda huku na huku. Kukhu aliishika simu mbali na macho, kisha karibu, kisha akampa Riang naye atazame.

"Mkono wake ni mzito," akasema, "lakini udongo utashika."