Dubu Aliyerukwa

Siku za kazi seremala mmoja alikuwa mtu wa randa na misumari, mpole, hana neno na mtu. Jumapili mchungaji akimwachia mimbari, ebo! Anageuka mnyama. Alimpenda nabii mmoja wa kale aliyesema kwamba Mungu akiwahukumu watu wake huwa simba kwao, huwavizia njiani kama chui. Naye alinguruma kweli, akanyata katikati ya mabenchi, watoto wakajificha nyuma ya mama zao. Waumini wakambandika jina, Mzee Chui, na wala halikumuudhi.

Sasa binti yake wa pekee akapata mimba, na aliyempa akaingia mitini. Jumapili iliyofuata Mzee Chui alinyata mpaka benchi alilokaa mwanawe, akasimama hapo hapo.

"Chui anamwona aliyepotea," alisema. "Anamngoja."

Kanisa zima likageuza shingo. Jamani, mzazi gani hufanya hivyo? Binti aliinuka, akashika tumbo lake, akatoka. Akahamia kwa mama yake mdogo.

"Ulikuwa unamhubiri Mungu, au unamsema mwanangu?" mkewe aliuliza.

"Akija kutubu, mlango uko wazi."

Hakuja mtu. Msidhani hakuumia. Alimpenda yule binti kufa, kiburi tu kilimzuia kumfuata. Geti likilia alichungulia, kisha akajifanya anatafuta futi ya kupimia mbao.

Mara mama mdogo akapiga simu: mtoto amezaliwa, amelia kidogo, amefariki.

Seremala alichagua mbao zake nzuri kuliko zote, akaanza kutengeneza jeneza la kubebeka kwapani. Mkewe akaingia karakana na Biblia, akasoma pale pale pa simba na chui, ila hakuishia pale mumewe alipozoea kuishia. Akaendelea mpaka Mungu anapojifananisha na dubu aliyenyang'anywa watoto wake.

"Huyu mbona hujawahi kumhubiri?"

"Huku dubu hakuna. Watu wangecheka. Nikamruka."

"Basi umemruka mzazi aliyefiwa, mume wangu."

Randa ikamponyoka. Miaka yote alidhani Mungu hukasirika kwa kuchukizwa na watu. Kumbe ni uchungu, uchungu wa kupokonywa wana. Akalia kwa sauti, wateja wakimwangalia.

Jeneza alilipeleka mwenyewe. Binti alifungua mlango, macho yamevimba, blauzi imelowa maziwa yasiyo na wa kuyanyonya.

"Nisamehe, mwanangu. Niruhusu nimwombee mjukuu wangu."

Binti alipapasa pembe za jeneza, moja moja. "Umelitengeneza vizuri, baba. Asante." Akalipokea. "Lakini kusema, hapana. Ulishasema."

Akaingia nalo ndani, akafunga mlango. Seremala akabaki barazani, akimsikia mtu mwingine akimwombea mjukuu wake. Jina la mtoto lilipotajwa hakulisikia vizuri, na aliona aibu kuuliza.